Karani Aliyetuambia Tungoje Mafuta Yashuke

Kwanza mnisamehe. Niliacha shule nilipomaliza darasa la nane, na tahajia yangu si ya kutegemewa. Mwandiko nao unalala upande mmoja kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Naandika polepole, mstari mmoja kisha napumzika, kwa hiyo mkiona herufi zimebadilika ukubwa mjue hiyo ni siku nyingine. Neno likiwashinda lirukeni, mtanielewa mbele.

Nataka kuandika juu ya mama mmoja ambaye jina lake sitalitaja. Kwenye ploti yetu huku Uthiru watu wote walimwita Karani, kwa sababu alikuwa anakata tiketi za ndege katika ofisi moja mjini, River Road, na hakukuwa na mwingine pale kwetu mwenye kazi ya kukaa kwenye kiti. Mimi nilimwita Anti. Huyu ndiye aliyefanya Mama yangu akae Uarabuni miaka miwili zaidi. Hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mtu mbaya ningemalizana naye zamani, nisingekuwa hapa namaliza karatasi.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi na matangazo ya vifo. Ndani mlikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa ya mwenye ofisi, mzee wa Kiislamu kutoka Pwani, mtu mpole sana, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka watu Umra. Nyingine ilikuwa ya Karani. Mimi nilikuwa nikienda pale siku nisipopata nyumba ya kufulia nguo kule Loresho kwa matajiri, kwa sababu ofisi ilikuwa na mtandao wa bure, na Mama alipiga simu ya video saa yake ya kupumzika. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la wateja naingoja hiyo simu. Karani naye lazima angeingiza uso wake kwenye kioo: "Dada! Umekula?" Mama angecheka na kusema amekula. Halafu Karani angerudi kazini, yaani angerudi kugombana.

Kwa Karani, mteja hakuruhusiwa kulipa kabla hajaisoma tiketi. Si kusomewa. Kuisoma. Alikuwa anaigeuza kompyuta mpaka imwangalie mteja, anachukua kalamu, na kwa mkia wa kalamu anamwonyesha mstari mmoja mmoja kama mwalimu wa chekechea. Nauli. Kodi ya uwanja wa ndege. Usalama. Kisha mkia wa kalamu unasimama kwenye herufi mbili ambazo hazifanani na neno lolote.

"Hii ni nini?"

"Sijui."

"Soma."

"Haisomeki."

"Haisomeki kwa sababu hawataki isomeke. Hiyo ni mafuta."

Halafu anaanza kueleza. Kwamba nauli yenyewe imeandikwa ndogo ili mtu afurahi. Kwamba chini yake kuna tozo ya mafuta, na mara nyingine hiyo tozo inaipita nauli yenyewe. "Ni kama uingie hoteli, uambiwe chai ni shilingi kumi, halafu ukimaliza kunywa uambiwe moto wa kuichemshia ni hamsini. Sasa mimi nimekuja kununua chai isiyochemshwa?"

Siku moja alikuja fundi wa mabomba aliyekuwa ameitwa kazini Dubai. Alikuwa na haraka, pesa iko mkononi.

"Mathe," alisema, "mimi nataka kusafiri, sitaki kusomeshwa."

"Utasafiri ukijua."

"Nikijua, itapungua?"

"Haitapungua."

"Sasa?"

"Sasa utakuwa umeibiwa ukiwa umefungua macho."

Yule fundi alimwangalia, akaniangalia mimi kana kwamba nitamsaidia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Akashuka ngazi akaenda kununua tiketi yake jengo la pili. Mzee wa Pwani aliweka miwani yake chini.

"Karani, yule alikuwa na fedha mkononi. Mbona wamfukuza?"

"Sijamfukuza mzee. Nimemuelimisha."

"Basi hiyo elimu yako yatufungia duka, mwanangu."

Hakumfukuza kazi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiye peke yake aliyepigana na mashirika ya ndege mpaka mwisho. Mara moja kulikuwa na mchungaji wa kanisa moja la huku kwetu aliyenyimwa viza siku chache kabla ya safari. Tiketi yake ilikuwa ile ambayo nauli hairudishwi, lakini kodi zinarudishwa kama hukusafiri. Akarudishiwa kodi ya uwanja, pesa kidogo tu. Mafuta, ambayo yalikuwa yameandikwa pale pale kwenye kodi, hayakurudi. Karani akapigia shirika simu, akaiweka kwenye spika ili sote tusikie. Aliyejibu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri.

"Madam, ile si kodi. Ile ni sehemu ya nauli."

"Mbona mmeiandika kwenye kodi?"

"Ndivyo mfumo unavyoandika, madam."

"Nipe huyo mfumo niongee naye."

"Samahani?"

"Huyu mtu hakupanda ndege. Kiti chake kilienda kikiwa kitupu, au mlimkalisha mwingine mkamlipisha pia. Sasa mafuta yake yalichomwa na nani?"

Kijana akasema atampeleka kwa mkubwa wake, na muziki ukaanza kulia. Mchungaji akainuka, akasema kwa upole, "Dada, tuyaache, tuombe tu." Karani akamwonyesha kiganja. "Ngoja pastor, bado hawajakata." Walikata. Alipiga tena. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na maumivu ya kichwa, na ule muziki nilikuwa naujua wote.

Msemo wake juu ya jambo hilo ulikuwa mmoja: ikiingia ni kodi, ikitakiwa kutoka ni nauli. Aliusema kwa wateja, kwa askari wa mlangoni, kwa mama wa kuuza ndizi pale chini. Yule mama wa ndizi aliniuliza siku moja, "Huyu Anti wako, hiyo ndege ilimfanya nini?" Nikasema hata hajawahi kuipanda. Na ilikuwa kweli. Aliuza tiketi miaka yote hiyo na hakuwahi kupanda ndege hata ya kwenda Kisumu. Alikuwa amefika uwanja wa ndege mara moja, akasimama nje ya ua, akaangalia moja ikiinuka, akarudi. Nilimwuliza aliona nini. "Niliona moshi," alisema. "Nikasema, basi kweli wanachoma kitu."

Alikuwa anaandika barua pia. Kwa mkono, kwa biro nyeusi, kwenye karatasi za ofisi. Aliwauliza wenye ndege: mafuta yalipopanda duniani mliongeza, sasa yameshuka, mtapunguza lini? Majibu yalikuja kwa kompyuta, yote yanafanana, yanamshukuru kwa kuwachagua kwa safari yake na kumtakia safari nyingine njema. Hayo majibu yalimuudhi kuliko kama wangenyamaza. "Kupanda wanatumia lifti," alisema. "Kushuka wanauliza ngazi iko wapi."

Msifikiri ni maskini peke yao wanaoumizwa na hayo mambo. Loresho kuna madam mmoja niliyekuwa namfulia Jumatatu. Siku moja nilikuwa naanika shuka nikamsikia akigombana na simu barazani. Alikuwa amekusanya pointi za ndege kwa miaka, zimefika za kumpa safari ya bure, na sasa ile safari ya bure inamdai pesa karibu sawa na ya kununua. "Bure gani hii? Bure ya nini?" alikuwa anasema, na uso umekuwa mwekundu. Mimi si mtu wa kuingilia mazungumzo ya wenye nyumba, lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, "Hayo ni mafuta, madam." Aliniangalia kama aliyesikia shuka ikiongea. Nilipomsimulia Karani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakasirika tena. "Umeona? Wamempa zawadi ya kiti, halafu wanamuuzia petroli ya kukisukuma." Na akanituma nimwambie yule madam aandike barua. Sikumwambia. Nilikuwa nataka Jumatatu zangu.

Jambo lingine lililomsumbua ni kwamba hakuna wawili wanaolipa sawa. Walikuja ndugu wawili wa kike, ndege moja, siku moja ya kusafiri. Mmoja alinunua asubuhi, mwingine jioni, na wa jioni alilipa zaidi sana. Wa jioni akaja kumfokea Karani kwamba amemlia pesa. Mtu mwingine angejitetea. Karani akamwambia, "Mkipanda, ulizeni kila mtu alilipa ngapi. Hakuna wawili sawa humo ndani. Halafu mkirudi mniambie." Na hiyo ikawa kazi aliyowapa wateja wote: umwulize jirani yako wa kwenye kiti alilipa ngapi, uniletee jibu. Kuna kijana aliyerudi akasema mtu wa kiti cha dirishani alidhani anataka kumwibia, akamwitia wahudumu. Karani hakuomba msamaha. Alimwuliza tu, "Lakini alisema alilipa ngapi?"

Sasa niseme na upande wake mwingine, ili msione nampamba wala nampaka matope.

Jumamosi Karani alikuwa anachemsha githeri, yaani mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa na kuiuza kwa kikombe langoni mwa ploti. Ilikuwa nzuri, yenye mahindi laini, na foleni ilikuwa ndefu. Kuna wakati makaa yalipanda bei kila mahali, naye akaongeza shilingi tano kwa kikombe. "Makaa," alisema tu, na sote tukaelewa, tukalipa. Baada ya miezi kadhaa makaa yakashuka. Kikombe hakikushuka. Mimi huwa naona haya kuuliza vitu, lakini hilo lilinikaa rohoni kwa wiki tatu, na Jumamosi ya nne nikauliza.

"Anti, makaa si yalishuka?"

"Yalishuka."

"Na githeri?"

Aliendelea kukoroga. "Githeri watu wamezoea."

Nilisimama pale na kikombe changu. Alijua nimefikiria nini, na mimi nilijua kwamba anajua. Akaniongezea nusu kijiko juu, na kijiko hicho niliona ni cha kunifunga mdomo, nikakila.

Na siku za mvua, nauli ya matatu ya kwenda Uthiru ilipopandishwa mara mbili, yeye alilipa bila neno, wakati sisi wengine tunalalamika. Nilimwuliza kwa nini. "Huyu makanga anayedai nauli mlangoni namuona uso," alisema. "Nikitaka namtusi. Hao wengine nitamtusi nani?" Sikujua kama hilo ni jibu. Mpaka leo sijui.

Sasa nifike mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani, mkataba wa miaka miwili. Ulipoisha, mwajiri wake akakataa kumnunulia tiketi ya kurudi. Akasema akitaka kwenda ajinunulie, au atie sahihi aendelee. Mama alikuwa amechoka. Alitaka nyumbani. Alikuwa na siku chache tu za kukaa kule bila mkataba, na zikiisha angekuwa mtu wa kukamatwa. Kukhu, yaani nyanya yangu ambaye ndiye ananilea, akaenda kuuza ng'ombe wake wa pekee kule kwetu magharibi, akarudi kwa basi na pesa mwenyewe, akiwa amezifunga kiunoni. Tukaenda River Road mimi na yeye. Kukhu alipanda zile ghorofa tatu akipumzika kila moja.

Karani alifurahi kutuona. Aligeuza kompyuta. Akamsomesha Kukhu, ambaye hajui kusoma, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye mafuta akasimama.

"Hapana," alisema. "Leo asubuhi radio imesema mafuta yameshuka duniani. Hii lazima itashuka. Wiki moja. Mkinunua leo mtakuwa mmewapa pesa ya bure."

Kukhu akaniuliza kwa lugha yetu amesema nini. Nikamweleza. Kukhu akasema, "Mwambie mimi nataka mtoto wangu."

Nilimwambia. Karani akamshika Kukhu mkono. "Kukhu, wiki moja tu. Hiyo pesa itakayobaki utarudi kununua ndama. Nitawapigia mimi mwenyewe."

Mzee wa Pwani aliinua kichwa. "Karani, waache wanunue."

"Mzee, mimi najua hii kazi."

"Wajua bei. Waache wanunue."

Hakutuacha. Na sisi hatukununua. Mimi nilikuwa pale, nilikuwa na mdomo, na nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi siku nyingi za kutosha kujua kwamba ile tozo haijawahi kushuka hata mara moja mbele yangu. Sikusema. Nilidhani mtu anayejua kusoma zile herufi mbili anajua na zitafanya nini kesho.

Wiki ikapita. Alitupigia, akasema bado siku mbili tatu. Siku tatu zikapita. Shule zilikuwa zinafungwa, watu wanasafiri, viti vya bei ya chini vikaisha, na nauli ikapanda hata bila mafuta. Mafuta yenyewe yalibaki pale pale, shilingi kwa shilingi. Pesa ya ng'ombe haikutosha tena. Tulianza kuzunguka kutafuta iliyopungua, Kukhu kanisani, mimi Loresho kwa madam wa Jumatatu. Tulikuwa tumebakisha kidogo sana Mama alipopiga simu. Hakuwasha video.

"Nimesaini," alisema. "Siku zilikuwa zimeisha. Miaka miwili tu. Mwambie Mama asilie."

Kukhu hakulia. Alitoka nje, akaenda mpaka mlango wa Karani, akasema maneno machache kwa lugha yetu ambayo Karani, hata bila kuijua lugha hiyo, aliyaelewa yote. Sitayaandika. Tangu siku hiyo githeri yake haikuingia kwetu tena, na mimi nilikatazwa kumsalimia. Nilitii. Kwa kweli haikuwa kazi ngumu. Nikimwona anakuja kwenye korido nilijifanya natafuta kitu kwenye ndoo.

Hakuwahi kuja kusema pole. Hilo ndilo nililolingojea kwa mwaka mzima, hata zaidi ya simu za Mama. Nilikuwa nalipanga kichwani, jinsi atakavyobisha hodi, na jinsi sitamfungulia. Hakubisha. Badala yake nilisikia kwamba ameandika barua nyingine kwa shirika. Kisha akahama ploti. Kisha mzee wa Pwani akafunga ofisi na kurudi kwao, kwa sababu watu wananunua kwa simu siku hizi na Umra ina mawakala wengi.

Mwaka huu mkataba wa pili wa Mama uliisha. Safari hii hatukungoja mtu. Siku ile ile aliyosema yuko tayari, nilienda kwa kijana mmoja anayeuza tiketi jengo la pili, kwenye kichumba chenye viti vya plastiki na laptopu moja. Alinitajia jumla, moja tu, haina mistari. Nikalipa. Ilichukua dakika chache, na niliposhuka ngazi nilijisikia mwepesi, nikasema hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kijana alikuwa amenitumia tiketi na risiti kwenye simu, nami sikuzisoma. Kukhu alitaka karatasi, kitu cha kushika. Kwa hiyo nikaingia kwenye lile duka la kuchapisha kadi za harusi, nikamtumia mwenye printa.

Karani alikuwa amekaa kwenye kona, kando ya printa. Sikumwona mpaka karatasi zilipoanza kutoka. Siku hizi anajazia watu fomu pale, za viza na za pasipoti, kwa meza ndogo aliyokodi. Amekonda. Aliziokota zile karatasi kabla yangu kwa sababu zilikuwa zimeanguka upande wake, akaona jina.

"Hii ni ya Mama yako."

"Ndiyo."

"Mmenunua."

"Tumenunua."

Alikuwa ameshaanza kusoma. Nilitaka kumnyang'anya. Kidole chake kilikuwa kinashuka mstari kwa mstari, midomo inacheza, na mimi nilikuwa nawaka, nasema moyoni, miaka miwili, mtu huyu hata salamu hajanipa, anasoma. Kisha akaweka karatasi mbili sambamba.

"Ulinunua kwa nani?"

"Anti, hiyo imekwisha. Naomba karatasi zangu."

"Kwa nani?"

Nikamwambia. Akainuka, akachukua mkoba, akatoka na karatasi zangu. Nilimfuata kwa sababu alikuwa nazo. Alipanda ngazi za jengo la pili haraka kunishinda, akaingia katikati ya watu waliokuwa kwenye foleni.

"Sasa, kijana?"

"Poa mathe. Tiketi?"

"Tiketi tunayo. Huu mstari kwenye risiti yako ni wa nini?"

Kijana akachungulia. "Hiyo ni mafuta."

"Na huu wa kwenye karatasi ya ndege?"

"Hiyo pia ni mafuta."

"Ndege moja, mafuta mara mbili. Hii ya pili ni ya nini, ya pikipiki yako?"

Watu wakacheka. Kijana akajikuna shingo. Hakuwa na aibu sana, alikuwa tu kama mtu aliyeshikwa akila kabla ya wengine.

"Mathe, hiyo ya pili ni ya kazi yangu. Naiita tu mafuta."

"Mbona usiiite kazi yako?"

"Nikiandika ni ya kazi, mtu anabishana nami hapa mpaka jioni. Nikiandika mafuta, anatoa. Mafuta kila mtu anaelewa."

Karani aliirudia ile risiti kwa kidole. Mwanamume mmoja kwenye foleni akasema, "Buda, mrudishie huyu msichana chake, sisi tuko na haraka." Kijana akatoa simu, akanirudishia ile pesa, huku akisema mathe wengine ni wasumbufu.

"Hata wakubwa wako, wenye ndege, waliniambia hivyo," Karani akamjibu, na tukatoka.

Tulishuka mpaka ghorofa ya kwanza. Pale kwenye kona ya ngazi akasimama, akanipa karatasi zangu. Nilidhani sasa atajisifu, atasema umeona. Nilikuwa tayari kumwacha ajisifu halafu niende zangu.

"Mama yako alisema nini," aliuliza, "ile mara?"

Mama alisema, nakumbuka vizuri, kwamba Karani alikuwa anatuhurumia tu. Ningeweza kumpa hayo. Sikumpa.

"Hatukukuomba bei ishuke, Anti," nilisema. "Tulikuomba tiketi."

Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Mtu aliyekuwa anapanda na katoni la karatasi alitupisha, akaangalia ukuta.

"Najua," alisema. Akashika chuma cha ngazi. "Barua zile zote nilizoandika. Radio ikasema imeshuka. Nilitaka ishuke mbele ya mtu. Nilitaka ishuke nikiwa na mteja mezani, aone kwamba nilisema. Mkatokea nyinyi."

Nilingoja aseme pole. Nilimpa nafasi, nilihesabu watu watatu wakitupita. Hakusema. Nafikiri aliona hayo aliyosema ndiyo pole, na labda kwake ndivyo. Mimi miaka yangu miwili haikurudi kwa sababu ya hayo maneno, na nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilikuwa nimeshatumia ujasiri wangu wote wa siku hiyo.

"Anatua lini?" aliuliza.

Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi na alikuwa ameisoma. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Alhamisi. Saa nane mchana."

"Nataka kuja."

"Kukhu atakuwa hapo."

"Nitasimama nyuma ya watu. Akiniona na akasema niende, nitaenda."

Nilimwambia mlango ambao watu wanatokea. Nilimwambia pia aje mapema, kwa sababu foleni ya ukaguzi getini ni ndefu. Nilipofika nyumbani nilimpa Kukhu karatasi, akaikunja mara nne akaiweka kwenye Biblia, akaniuliza kama nimekutana na mtu yeyote mjini. Nikasema watu ni wengi.

Leo ni Jumanne na bado sijamwambia. Ndiyo maana naandika. Nyinyi mnaosoma haya, kama kuna mtu aliyewahi kuwaharibia jambo kubwa akidhani anawasaidia, mlimfanya nini siku ya furaha ilipofika? Mlimwacha asimame nyuma, au mlimwita mbele? Naomba mniandikie. Msijali mwandiko, mmeshauona wangu. Najua barua zenu zitafika Alhamisi imepita. Andikeni tu, kwa sababu Kukhu atakuwa bado ananiuliza ni nani aliyemwambia yule mwanamke saa ya ndege.